HADITHI ZA WAYUNANI NA TAABU YA KUSOMA

Wasomaji wetu wa Songea na wilaya zilizo jirani wajua ya kuwa mwezi wa Novemba una kazi mbili katika nchi hii. Mvua za kwanza zakaribia, na kila mwenye shamba atazama jembe lake; na katika mwezi huo huo vijana wa kidato cha nne huingia katika chumba cha mtihani wa taifa. Kwa hiyo huku kwetu Mfaranyaki siku hizo utaona watu wa namna mbili wakiamka kabla ya jua: wenye jembe begani, na wenye daftari kwapani. Mara nyingine ni mtu yule yule mmoja, maana kijana aliyetoka kijijini akapanga chumba mjini ili asome, mamaye bado amtazamia shambani.

Tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Jambo hili limewafungulia wengi mlango. Walakini kodi ya chumba haikuondolewa, wala unga, wala mafuta ya kupikia, wala viatu. Wala haikuondolewa taabu ya kusoma yenyewe, ambayo hakuna serikali iwezayo kuiondoa. Juu ya taabu hiyo twataka kusema leo.

Jioni moja alikuja barazani kwetu kijana mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani ule mara moja na kushindwa, naye alikuwa akijitayarisha kuufanya tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alituamkia, tukaitikia marahaba, akaketi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi ni kama yule mtu wa jiwe uliyetuhadithia."

Mtu wa jiwe ni Sisyphus, mfalme katika hadithi za Wayunani, ambaye katika nchi ya wafu hulisukuma jiwe kubwa mlimani. Likikaribia kileleni humponyoka na kubingirika hata chini, naye hushuka akalianza tena, milele na milele. Tulimwuliza kijana kwa nini ajifananisha naye. Ndipo akatoa yaliyokuwa moyoni. Kulikuwa na mtu mjini aliyemwambia kuwa kwa fedha fulani atampatia karatasi ya mtihani kabla ya siku yake. Fedha hiyo ilikuwa sawa na bei ya magunia mawili ya mahindi. Mamaye alikuwa amekwisha kuyauza na kumtumia fedha, akidhani ni za vitabu.

Hatukumgombeza. Tulimwambia kwanza ya kuwa hadithi ile hakuishika vema. Sisyphus hakupewa jiwe kwa sababu alishindwa katika jambo jema. Alipewa kwa sababu ya hila zake, maana yasemwa aliwadanganya miungu, hata Mauti yenyewe aliifunga minyororo. Jiwe ni malipo ya mdanganyifu. Na tena, Sisyphus hana ruhusa ya kubadili njia: mlima ni ule ule, mkono ni ule ule, siku zote. Lakini anayerudia mtihani aweza kuuliza jiwe lilimponyoka mahali gani, na safari hii akapita upande mwingine. Basi tukamwomba aje jioni nyingine, na fedha ile asimpe mtu kwanza. Alikuja, na baadaye akaja na wenzake wawili. Tuliyozungumza jioni hizo ndiyo tunayoyaandika hapa, kwa kuwa twajua ya kuwa vijana wenye jiwe kama lile wako pia Namtumbo, na Mbinga, na Tunduru, na Nyasa.

Wako wasomaji watakaonuna na kusema, "Wayunani ni watu wa nchi ya mbali, kaskazini ya Bahari ya Mediterania, nchi iitwayo leo Ugiriki, miungu yao si yetu, na sisi tunazo hadithi zetu za sungura na fisi, na habari za babu zetu Wangoni waliotoka kusini wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 pamoja na Zwangendaba. Za nini hizi?" Maneno hayo yana haki ndani yake, na mtoto asiyejua za kwao asikimbilie za wengine. Lakini sisi twaziona hadithi kuwa kama mbegu. Mahindi hayakuota hapa tangu mwanzo; asili yake ni Amerika, na yaliletwa pwani zetu na watu wa vyombo. Nani leo katika Songea atakayeuita ugali wake chakula cha kigeni? Tena hadithi hizi si wageni wa jana katika Kiswahili. Kitabu cha Mwingereza Charles Kingsley cha mwaka 1856, chenye habari za Perseus na Theseus na wenzao, kilitiwa katika lugha yetu zamani kwa jina la Mashujaa. Na mchezo wa Sophocles juu ya mfalme Oedipus ulifasiriwa na Samuel Mushi na kupigwa chapa mwaka 1971, kwa jina la Mfalme Edipode. Kuhusu miungu yao, hatumfundishi mtu kuisujudia. Wayunani wenyewe waliiacha zamani sana.

Sasa tuanze na ndugu wawili, Prometheus na Epimetheus. Jina la kwanza maana yake ni mwenye kufikiri kabla, na la pili ni mwenye kufikiri baadaye. Yasimuliwa ya kuwa Epimetheus alipewa kazi ya kuwagawia wanyama vifaa vyao: huyu pembe, huyu manyoya, huyu mbio, huyu mabawa. Akagawa kwa furaha, kila aliyemjia akampa. Mwisho akaja mwanadamu, na mfuko ulikuwa mtupu. Ndiyo sababu mwanadamu huzaliwa uchi, hana pembe wala ukucha, na Prometheus ikambidi kumwibia moto. Kijana wetu aliposikia haya alicheka, maana alijitambua. Saa zake zote za jioni alizigawia masomo anayoyapenda, Historia na Kiswahili, hata ilipofika zamu ya Hisabati usiku ulikuwa umekwisha na macho yamejaa usingizi. Tulimwambia, anza na yule atakayefika wa mwisho. Hatukuongeza neno.

Jioni ya pili tulikaa sana juu ya hadithi ya Herakles na Hydra, nayo twaiona kuwa yenye faida kuliko zote kwa mwanafunzi. Herakles alikuwa shujaa mwenye nguvu, naye aliamriwa na mfalme Eurystheus afanye kazi kumi ngumu. Kazi ya pili ilikuwa kumwua Hydra, nyoka mkubwa wa majini aliyekaa katika bwawa la Lerna, mwenye vichwa tisa, na kimoja kati ya hivyo hakifi. Herakles alikwenda na rungu na upanga, akaanza kukata. Lakini kila alipokata kichwa kimoja, palipokatwa paliota viwili. Alivyozidi kufanya bidii ndivyo adui alivyozidi kuwa mwingi. Hapo akamwita Iolaus, mtoto wa ndugu yake, naye akaja na mwenge wa moto. Herakles akakata, na Iolaus akachoma shingo palepale kabla damu haijakauka, na shingo iliyochomwa haikuota tena. Kile kichwa kisichokufa walikizika chini ya mwamba mzito, kando ya njia.

Mwanafunzi asiyemjua Hydra ni yupi? Akosa hesabu moja, aifuta, aandika jibu sahihi alilolinakili ubaoni, afurahi kuwa amekata kichwa. Juma la pili hesabu kama ile yaja katika mavazi mengine, na sasa amekosa mbili. Kijana wetu alitufungulia madaftari yake. Tukaona ya kuwa kwa miaka mitatu alikuwa akikosa milinganyo, na mafumbo ya algebra, na jometri ya mistari, naye akadhani ni maadui watatu mbalimbali. Kumbe shingo ilikuwa moja: hakujua vema kazi ya alama ya kutoa inapokutana na mabano, jambo la darasa la saba na kidato cha kwanza. Makosa yote yaliota hapo.

Basi tukamshauri anunue daftari moja dogo, liwe la makosa tu. Kila kosa aliandike, na chini yake aandike sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, si jibu. Hesabu ile airudie baada ya siku tatu pasipo kutazama, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Watu waliochunguza namna akili ishikavyo mambo wameona mara nyingi ya kuwa kujiuliza mwenyewe na kurudia kwa nafasi hukaa zaidi kuliko kusoma ukurasa ule ule mara kumi kwa usiku mmoja. Huo ndio moto wa Iolaus. Na kuna vichwa visivyokufa pia. Kuna mtu ambaye tahajia ya Kiingereza haitamtii maisha yake yote. Huyo na aweke mwamba juu yake, yaani ajue maneno anayoyakosa, ayaandike katika kadi, ayatazame kila asubuhi, asitumaini kuwa yamekufa.

Iko sehemu moja ya hadithi hii ambayo wengi huiacha. Herakles aliporudi, Eurystheus alikataa kuihesabu kazi ile, akasema, "Ulisaidiwa na Iolaus." Na kazi nyingine pia, ya kusafisha mazizi ya Augeas, aliikataa kwa kuwa Herakles aliomba ujira. Kwa hiyo kazi kumi zikawa kumi na mbili. Vijana wale watatu walibishana sana hapa. Mmoja alisema mfalme alikuwa dhalimu. Mwingine alisema alikuwa na haki. Sisi twaona ya kuwa bwawani Herakles hakufanya kosa kumwita Iolaus, na mwanafunzi hafanyi kosa kumwita mwenzake barazani wasome pamoja. Ni ujinga kukaa peke yako na nyoka mwenye vichwa tisa. Bali chumba cha mtihani si bwawa. Kule Eurystheus ameketi, naye hahesabu ila kilichofanywa na mkono wako.

Na hapo ndipo ilipotubidi kurudi katika habari ya ile karatasi.

Katika hadithi za Wayunani yuko Achilles, mpiganaji mkuu wa vita vya Troy. Yasemwa ya kuwa mamaye, Thetis, alimchukua angali mtoto mchanga akamchovya katika maji ya mto Styx, mto wa kuzimu, ili silaha isimwingie. Alimshika kwa kisigino, na maji hayakufika hapo. Na siku ya mwisho mshale wa Paris ulimpata papo hapo kisiginoni akafa. Ni ajabu ya kuwa Homer, mshairi wa kale kuliko wote aliyemwimba Achilles, habari hii hana. Kwake Achilles hujeruhiwa mkono akatoka damu kama watu wote, na ushujaa wake ni kwamba aenda vitani akijua ya kuwa atakufa. Hadithi ya maji twaipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Watu wa baadaye ndio waliotaka shujaa asiyeumia.

Sisi watu wa Songea hatuwezi kusema neno juu ya maji yazuiayo silaha pasipo kuinamisha kichwa. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini ya kuwa risasi za Wadachi zitageuka. Wangoni waliingia katika vita hivyo, na tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi walinyongwa hapa mjini. Naye Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu wachukua jina lake, aliuawa kwa kitanzi vilevile. Makumbusho yao yako hapa, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hatusemi haya kuwalaumu. Maji yale yalifanya kazi nyingine kubwa, maana yaliunganisha makabila ambayo kabla ya hapo hayakukaa shauri moja. Na waliokwenda mbele ya bunduki walikuwa wakiitetea nchi yao. Lakini walilipa bei ya kujua ya kuwa maji hayazuii risasi, na bei hiyo wameilipa kwa ajili yetu pia.

Tulimwambia kijana, "Mwanangu, huyo mtu wa karatasi akuuzia maji." Akainama. Tukaendelea kumweleza. Mara nyingi karatasi hizo ni za uongo, zimetungwa na mtu mwenye simu na tamaa, na mwenye kuzinunua hana mahali pa kushtaki, maana atashtaki nini? Ikiwa ni ya kweli, basi Baraza la Mitihani la Tanzania hufuta matokeo ya waliodanganya, na jambo hili si tisho la maneno tu, limefanywa mara nyingi. Na hata kama asingekamatwa, bado kuna kisigino. Aliyepita kidato cha nne kwa Hisabati ya mtu mwingine aingia kidato cha tano na kisigino hicho, akienda chuoni anacho, akiajiriwa anacho, na kila siku ahofia mshale. Afadhali Achilles wa Homer, aliyejua kuwa ana mwili wa kuumia, akajifunza kupigana.

Kijana hakujibu neno jioni ile. Aliaga akaenda zake, nasi hatukulala vizuri, maana tulifikiri huenda tumesema mengi mno.

Alirudi baada ya siku nne. Fedha ile alikuwa bado nayo. Sehemu aliilipia chumba, maana alidaiwa miezi miwili, na sehemu akanunua vitabu vya mazoezi ya mitihani iliyopita na lile daftari dogo. Iliyobaki aliificha. Sasa alikuwa na shida nyingine, nayo ni ya vijana wengi: akikaa kusoma, hasomi.

Hapa tulimhadithia habari za Odysseus, aliyepigana miaka kumi Troy na kutangatanga miaka kumi baharini akitafuta njia ya kurudi kwao Ithaca. Watu wake walifika katika nchi ya walao lotus, tunda tamu kama asali. Wenyeji hawakuwadhuru, waliwapa tunda tu. Waliolila hawakutaka tena kurudi na habari, wakasahau nyumbani. Odysseus aliwavuta kwa nguvu huku wakilia, akawafunga chini ya mabenchi ya merikebu. Baadaye walipita karibu na Sirens, viumbe waimbao hata mabaharia wavunje vyombo vyao mwambani. Odysseus aliziba masikio ya watu wake kwa nta. Yeye mwenyewe alitaka kusikia, akaamuru afungwe katika mlingoti kwa kamba, na kama akiomba afunguliwe, wamkaze zaidi. Aliomba kweli, akawaashiria kwa nyusi. Wakamkaza.

Kijana akasema mara moja, "Hiyo ni simu." Naam, na hatukuwa na haja ya kueleza mengi. Lakini tulimwonyesha neno moja ambalo huenda msomaji pia hakuliona. Sirens hawakumwimbia Odysseus habari za anasa. Walimwambia ya kuwa wajua yote yaliyotendeka Troy, na yote yatendekayo duniani, na kwamba asikiaye huondoka akiwa amejua mengi zaidi. Walimtega kwa elimu! Basi kijana asemaye, "Sichezi, natafuta maana ya neno katika simu," huenda asema kweli kwa dakika tano za kwanza. Simu ina elimu nyingi, na katika shule isiyo na vitabu vya kutosha yaweza kuwa mwalimu mwema. Lakini mwamba uko pale pale.

Angalia tena ya kuwa Odysseus hakujitumainia. Hakusema, "Mimi ni hodari, nitajizuia." Alijua ya kuwa saa ya wimbo itakapofika atakuwa mtu mwingine, kwa hiyo alitoa amri yake mapema, wakati bahari ilipokuwa tulivu. Tulimwuliza kijana ni nani awezaye kumfunga kamba. Akafikiri, akasema, mama mwenye nyumba. Tangu siku hiyo simu yake ilikaa kwa mama yule kuanzia saa moja ya usiku hata saa tatu na nusu, na tulisikia ya kuwa usiku wa pili aliiomba kabla ya saa, na mama akamfukuza kwa mwiko. Huyo ni baharia mwema.

Kabla ya mwaka 2018, umeme wa Songea ulipokuwa haujaungwa na gridi ya taifa, ulitoka katika mitambo ya mafuta na kukatika mara kwa mara, na giza lenyewe lilikuwa likiwafunga vijana kamba. Taa ilipozimika, walilala. Leo taa yawaka, na kazi ya kujifunga imekuwa yao wenyewe.

Juu ya kulala, hatuna budi kusema kidogo. Penelope, mke wa Odysseus, aliposumbuliwa na wachumba, aliwaambia atachagua mmoja akimaliza kufuma sanda ya mkwewe Laertes. Mchana alifuma, usiku akafumua alichofuma, na kwa miaka mitatu nguo haikwisha. Yeye alifumua kwa makusudi, naye alikuwa na akili. Lakini wako vijana wafumuao wasijue. Hukesha hata alfajiri, miguu katika beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue, wakijipa moyo kwa kahawa. Na asubuhi wasinzia darasani, na waliyosoma usiku hawayakumbuki. Akili hukaza nyuzi zake wakati wa usingizi. Mwenye kukesha kila siku afuma nguo isiyokwisha.

Juma la mwisho kabla ya mtihani hatukumfundisha neno jipya. Tulimpa hadithi moja tu, ya Theseus, kijana wa Athens aliyekwenda Crete kumwua Minotaur, dudu lenye kichwa cha ng'ombe lililokaa ndani ya nyumba yenye njia za kupotea. Ariadne alimpa kibumba cha uzi. Akafunga ncha mlangoni, akaenda akikikunjua, na alipokwisha kuua alirudi kwa kuufuata. Hadithi hii yajulikana na wengi, na kijana alitaraji tumwambie habari za uzi. Uzi alikuwa nao tayari katika daftari lake dogo. Tulitaka asikie mwisho wake.

Theseus alipoondoka Athens, chombo chake kilikuwa na tanga jeusi. Babaye, mfalme Aegeus, alimwomba ya kuwa akirudi mzima abadili tanga, atweke jeupe, ili mzee aone kwa mbali na moyo wake upoe. Theseus alishinda, akasafiri, akawa na mambo mengi ya kufikiri, akasahau. Aegeus alikuwa akitazama bahari kila siku kutoka jabalini. Aliona tanga jeusi. Alijitupa chini akafa, na bahari ile yaitwa kwa jina lake hata leo. Theseus hakuwa mwana mbaya. Alisahau tu.

Wazazi wetu wengi wako kule ambako hawaoni chombo. Huuza mahindi, huuza mbuzi, hutuma fedha, kisha hukaa miezi mingi hawajui mtoto yu mzima au mgonjwa, asoma au ameacha. Kijana huona haya kupiga simu kwa kuwa hana jambo jema la kusema, au kwa kuwa akipiga ataulizwa habari ya fedha. Na kijana huyu wetu alikuwa hajasema na mamaye tangu siku ile ya magunia mawili.

Mtihani ulikwisha. Tunapoandika haya matokeo hayajatoka, nasi hatujui kama atapata daraja gani. Siku ya karatasi ya mwisho alipita kwetu kabla hajafika chumbani kwake, kalamu ingali mfukoni, akasema salio la simu yake limekwisha. Tukampa ya kwetu. Alisimama uani chini ya mwembe, akampigia mamaye kijijini upande wa Namtumbo, akamwambia kwanza kuwa amemaliza na ni mzima, kisha akamweleza habari yote ya ile karatasi, na ya magunia, na ya fedha iliyobaki. Mama alinyamaza kidogo. Halafu, hivi ndivyo alivyotuambia kijana mwenyewe, akamwuliza kama mvua imenyesha huko Songea, maana kwao imekwisha kunyesha mara mbili na jembe lake li tayari nyuma ya mlango. Aliondoka kwa gari la asubuhi.